Ushauri nasaha wa Kikristo jijini Nairobi: unalipia nini, na unaharibikia wapi

Huduma inayouzwa Nairobi kwa jina la ushauri nasaha wa Kikristo ina sura tatu. Kuna ofisi ya mchungaji au padri, ambako mtu huketi bila malipo na kutoka ameombewa. Kuna kituo kilicho chini ya kanisa, chenye washauri waliosomea kazi hiyo na ada iliyopangwa. Na kuna mtaalamu binafsi mwenye chumba chake Kilimani, Hurlingham au Upper Hill, au anayehudumu kwa simu, ambaye kwenye wasifu wake ameandika kwamba ni Mkristo. Tathmini hii inahusu sura mbili za mwisho, kwa sababu ndizo zinazotoza fedha kwa jina la tiba, na mteja ana haki ya kujua anapewa nini.

Tuseme mapema tunachokitafuta. Sala ya kufungulia kikao na aya ya kufungia haziifanyi tiba kuwa ya Kikristo. Mtu yeyote anaweza kuziongeza na katikati kusibadilike kitu. Chumba kizuri hujulikana pale imani yenyewe ya mteja inapokuwa na jeraha: anapoamini kwamba Mungu anamwadhibu, anapotubu kosa lile lile mara ishirini kwa siku, anapoambiwa na waumini wenzake kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Hapo ndipo ada yake hupata thamani au hupotea.

Anza na leseni, wala usione haya kuiulizia. Chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, anayefanya kazi hii Kenya anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi iliyoundwa na sheria hiyo. Omba kuona cheti cha usajili na leseni ambayo muda wake haujaisha. Kuwekewa mikono kuwa mchungaji hakuchukui nafasi ya leseni, wala stashahada ya theolojia yenye somo moja la ushauri. Na hakuna kisingizio cha kukosa mahali pa kusomea: Daystar, Pan Africa Christian University na Tangaza ni vyuo vyenye msingi wa Kikristo, na vinafundisha ushauri hapa hapa Nairobi. Swali la pili ni la usimamizi: nani humsimamia mshauri huyu kitaalamu, na hukutana naye mara ngapi? Anayejibu kwamba Roho Mtakatifu anamtosha anaweza kuwa mcha Mungu wa kweli, lakini hana binadamu wa kumwonyesha anapokosea.

Ni vizuri pia kujua alilelewa katika mkondo upi. Mchungaji Mmarekani Jay Adams, tangu 1970, alihimiza ushauri unaosimama juu ya Biblia peke yake, akiona shida nyingi za nafsi kuwa dhambi inayohitaji kuonywa kwa upendo. Miaka mitano kabla yake, Fuller Theological Seminary ya California ilikuwa imefungua shule ya saikolojia ikiamini kwamba theolojia na saikolojia zinaweza kufundishana. Mteja akifika mlangoni haoni tofauti, maana jina ni lile lile. Kisha kuna tofauti nyingine, aliyoieleza Siang-Yang Tan, mwanasaikolojia ambaye pia ni mchungaji: mshauri anaweza kuileta imani waziwazi, kwa sala na Maandiko, au akaibeba moyoni bila kuitaja huku akifanya tiba ya kawaida. Mshauri mzuri anaweza yote mawili, na humuuliza mteja anataka lipi.

Kikao cha kwanza ndicho kinachofichua mengi. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa vizuri haina sentensi moja ya jumla ya "nakubali ushauri wa Kikristo." Huuliza mambo matatu, kila moja peke yake: je, unataka sala katika vikao? Je, unataka Maandiko yatumike? Je, unaruhusu mshauri azungumze na mchungaji wako, na kuhusu jambo gani? Mtu anaweza kutaka Zaburi na asitake kuombewa kabisa, kwa mfano yule aliyekuwa akipigwa na baba ambaye jioni hiyo hiyo ndiye aliyeongoza sala ya familia. Sanduku moja la kutia alama haliwezi kuyaona hayo.

Baada ya fomu huja tathmini ya imani. Maswali ya FICA, yaliyotungwa na daktari Mmarekani Christina Puchalski, ni mafupi: unaamini nini, imani hiyo ina uzito gani katika maisha yako na jinsi unavyojitunza, una jumuiya gani inayokushika, na ungependa tuishughulikie vipi hapa. Kwa Nairobi swali la tatu ndilo linaloleta mavuno. Fomu ikisema tu "Dini: Mkristo," haijasema kitu. Mkatoliki mwenye jumuiya ndogo ndogo anayekwenda kitubio kila mwezi, Msabato asiyeweza kuja Jumamosi, na kijana aliyehama makanisa matatu kwa mwaka mmoja wanahitaji mipango mitatu tofauti.

Kama mteja anataka kwenda ndani zaidi, kipo kipimo kifupi cha mwanasaikolojia Mmarekani Kenneth Pargament kinachoitwa Brief RCOPE. Kina kauli 14: saba zinapima imani inavyomsaidia mtu wakati wa dhiki, na saba zinapima mapambano yake, kama vile kujiuliza kama Mungu amemwacha, kuhisi kwamba anaadhibiwa kwa kukosa bidii ya kiroho, au kuona jambo lote ni kazi ya Ibilisi. Usishangae mtu akipata alama za juu pande zote mbili. Anaweza kuimba kwaya kila Jumapili na usiku akaamini amekataliwa. Mshauri asiyepima upande wa pili ataiona kwaya, aandike kwamba imani ni nguzo ya mteja, na akose kuona mahali penyewe panapouma.

Dalili za sonona nazo zipimwe kwa PHQ-9: maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla kuu 27. Alama 10 na kuendelea hutaka uchunguzi wa kina. Kosa la vyumba vya Kikristo ni kuliruka swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kifo na kujidhuru, kwa kuona ni aibu kumuuliza mtu aliyeokoka, au kwa kuogopa kumtia wazo hilo kichwani. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Humpa ruhusa ya kusema alilokuwa nalo tayari. Kwa miaka mingi hofu nyingine ilikuwa ya polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mshauri anapaswa kulijua hilo na kumwambia mteja. Na mteja anapaswa kutoka na mpango ulioandikwa: ishara za hatari, watu wawili wa kupigia, na namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Kuhusu sala yenyewe, msimamo wetu ni mkali kidogo. Sala ya mwanzo humvalisha mteja uso wa kanisani. Anayesikia "Bwana asifiwe" akajibu "Amina" ni vigumu baada ya dakika mbili aseme kwamba amechoka na Mungu. Atasema "namshukuru Mungu, niko salama," nawe umepoteza robo ya kwanza ya kikao. Sala ya mwisho nayo ina hatari yake: hutumika kufunika kidonda kilichotoka kufunguliwa, kwa sababu mshauri hawezi kuvumilia ukimya. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kuhubiri. Inayofanya kazi ni hii: mteja ndiye anayeiomba sala, mteja ndiye anayetangulia kuomba kwa maneno yake, mshauri haongezi zaidi ya dakika moja au mbili, na hasemi katika sala jambo ambalo hakuthubutu kulisema katika mazungumzo. Mshauri anayeomba "Bwana, mwondolee roho ya uchungu" ametoa utambuzi wa ugonjwa huku macho yamefumbwa, na mteja hana nafasi ya kubisha. Kama sala imefanyika, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama mbinu nyingine yoyote.

Sasa tiba. Iliyochunguzwa vizuri zaidi ni tiba ya fikra na tabia iliyowekewa lugha ya imani. Harold Koenig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliiandalia mwongozo wa vikao 10. Kwa hesabu ya ada, mahali panapotoza shilingi 3,000 kwa kikao, hiyo ni 30,000 kabla ya nauli, kwa hiyo uliza idadi ya vikao siku ya kwanza. Tusidanganyane kuhusu nguvu yake: toleo la kidini lilipolinganishwa na la kawaida, yote mawili yalisaidia kwa kiwango kinachokaribiana. Faida ni kwamba mtu mwenye imani nzito hahitaji kuiacha mlangoni ili atibiwe. Na kuna jambo lililotoka katika utafiti wa Rebecca Propst na wenzake wa 1992 ambalo lingepaswa kuwashtua wanaochagua mshauri kwa kumuuliza tu kama ameokoka: tiba ya kidini ilifanya vizuri sana hata ilipotolewa na watabibu wasio na dini, mradi walifuata mwongozo. Ujuzi ulibeba zaidi ya ushuhuda.

Ndani ya kikao cha dakika 50, kazi huenda hivi. Dakika kumi za kwanza ni za hali ya wiki na zoezi la nyumbani. Kisha huchukuliwa tukio moja tu, lenye siku na saa: Jumanne jioni, baada ya kukosa kazi ya pili. Wazo lililopita huandikwa jinsi lilivyokuja: "Mungu amenisahau." Mteja huipa imani yake katika wazo hilo asilimia, tuseme 90, na uzito wa huzuni asilimia nyingine. Halafu huulizwa ushahidi wa pande mbili, na hapa Maandiko huingia kama kitabu ambacho mteja mwenyewe anakikubali, si kama fimbo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza kama Bwana atamsahau mtu milele. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila kupata jibu. Mteja akiona kwamba maneno yake yamo ndani ya kitabu cha sala, wazo "mimi si Mkristo wa kweli kwa kuwa ninalalamika" hupoteza miguu. Mwisho asilimia hupimwa tena. Ikishuka hadi 60, hiyo ni kazi nzuri ya siku moja. Anayedai imeshuka hadi sifuri huenda anamfurahisha mshauri.

Kinachoharibu hatua hii ni kuleta aya mapema. Wafilipi 4:6, "Msijisumbue kwa neno lo lote," ikisomwa dakika ya tano kwa mtu anayetetemeka, huwa amri ya pili aliyoshindwa kuitii: kwanza ana wasiwasi, sasa ana dhambi ya kuwa na wasiwasi. Linganisha na alivyotendewa Eliya katika 1 Wafalme 19, chini ya mretemu, alipoomba afe. Hakukemewa. Alilala, malaika akamgusa, akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena, na maswali yakaja baadaye kule pangoni. Usingizi, chakula, mwendo, halafu maneno: mpangilio huo ni tiba nzuri ya sonona hadi leo, na mshauri anayeijua Biblia yake ataagiza zoezi la wiki ya kwanza kwa kuufuata.

Mahali ambapo tumeona huduma hii ikihitaji umakini kuliko kote ni katika maradhi ya kutilia shaka toba. Neno wasiwasi lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono, na hali hii ni mnong'ono kweli: "hukutubu vizuri, rudia." Mtu hurudia sala ya toba hadi ahisi imekaa sawa, hukwepa Meza ya Bwana, humpigia mchungaji usiku kuuliza kama amemkufuru Roho Mtakatifu. Mshauri mwenye huruma humsomea 1 Yohana 1:9. Mteja anapumua, analala, na kesho anarudi na swali lile lile likiwa limevaa nguo nyingine. Sababu ni rahisi: kila faraja inayoshusha hofu papo hapo huufundisha ubongo kwamba hofu ilikuwa ya kweli na kwamba faraja ndiyo iliyookoa. Aya inageuka kidonge cha kulevya.

Tiba yake ni kukabili hofu bila kufanya ile ibada ya kujituliza. Mteja na mshauri huandika ngazi ya mambo yanayoogopesha, kwa alama za hofu kutoka 20 hadi 100. Ngazi ya chini inaweza kuwa kusali Baba Yetu mara moja, kukosea neno kwa makusudi, na kutorudia. Ya katikati, kusoma kwa sauti aya inayomtisha na kukaa nayo bila kuomba msamaha. Ya juu, kushiriki Meza ya Bwana baada ya toba moja tu. Katika kila zoezi mteja hukaa na hofu hadi ishuke yenyewe, au hadi athibitishe kwamba anaweza kuibeba. Huenda ikachukua nusu saa au zaidi, na kikao cha dakika 50 kinaweza kisitoshe, kwa hiyo uliza kama kuna vikao vya dakika 90. Hakuna zoezi linalomtaka mtu atende dhambi. Hapa ndipo ile ruhusa ya kuongea na mchungaji inapolipa: mchungaji, kwa ridhaa ya mteja, huombwa alijibu swali la kufuru mara moja, vizuri, kisha simu za baadaye ajibu kwa upole kwamba hilo walishalizungumza. Padri huombwa aweke siku moja maalumu ya kitubio. Mshauri asiyeijua kazi hii amtume mteja kwa anayeijua. Kuendelea kumfariji kwa miezi sita ni kulisha ugonjwa kwa pesa za mgonjwa.

Msamaha ndio bidhaa nyingine inayotangazwa sana. Njia ya mwanasaikolojia Mmarekani Everett Worthington, inayoitwa REACH, ina hatua tano: kukumbuka jeraha bila kulipunguza, kujaribu kumwelewa aliyeumiza, kutoa msamaha kama zawadi, kujifunga kwa msamaha huo, na kuushika mashaka yanaporudi. Nguvu yake iko katika kutenganisha uamuzi wa kutolipiza, ambao mtu anaweza kuufanya leo, na moyo kupoa, ambao huchukua muda wake. Huharibika mshauri anaporuka hatua ya kwanza, au anapochanganya kusamehe na kurudi. Mke anayepigwa hapaswi kusikia Malaki 2:16, aya ya Mungu kuchukia kuachana, kabla hajaulizwa kama usiku huu ana mahali salama pa kulala. Kwanza usalama: namba 1195 ya bure ya msaada dhidi ya ukatili wa kijinsia, hospitali, na amri ya ulinzi ya mahakama chini ya Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Kituo chochote kinachowaketisha mume na mke pamoja katika hali hiyo, eti wapatanishwe, tunakiona ni hatari, hata kikiwa na viti vizuri.

Dawa, mfungo na kesha. Kaunsela wa Kikristo asiyeuliza kuhusu hivi vitatu hajamjua mteja wake wa Nairobi. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, akifunga bila maji, dawa inaweza kupanda katika damu hadi kuwa sumu; kutetemeka sana, kutapika na kuyumba ni dalili za kukimbilia hospitali. Mwenye ugonjwa wa baipola akikesha usiku kucha Ijumaa, kukosa usingizi kunaweza kumwingiza katika msisimko wa kupita kiasi, ambao ibadani utasifiwa kuwa ni moto wa Roho. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kuziacha ghafla baada ya maombezi huleta kizunguzungu na mahangaiko yanayodhaniwa ni vita vya kiroho. Mshauri hasemi "usifunge." Husema: muulize daktari wako, na umuulize mchungaji kama unaweza kufunga kitu kingine, simu kwa mfano. Kuhusu mtu anayesikia sauti ya Mungu, swali bora ni kwa waumini wenzake: je, hata wao wanaona hili si la kawaida? Wakisema ndiyo, na mtu huyo hapati usingizi, na hali yake kazini imeporomoka, hiyo ni rufaa ya siku hiyo hiyo kwa daktari wa akili, si ratiba ya maombi ya ukombozi.

Usiri ndipo vituo vya kanisa hupata alama za chini kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu habari za afya na za imani kuwa data nyeti, na faili ya huduma hii ina zote mbili. Jina la mteja halipaswi kufika kwenye kundi la maombi la WhatsApp, hata kwa maneno ya "tumkumbuke dada yetu." Wachumba wanaoletwa kwa ushauri kabla ya harusi waambiwe mapema kama mchungaji atapewa ripoti, na ya nini hasa. Angalia kuta: mbao nyembamba karibu na mazoezi ya kwaya hupitisha sauti pande zote mbili. Na angalia jina linalotokea ukilipa kwa M-Pesa, kama simu yako husomwa na mtu mwingine nyumbani.

Vikao vya mtandaoni vinafaa kwa kazi ya fikra na ya msamaha. Kwa hatari ya kujiua au vipigo nyumbani, nenda mwenyewe ofisini kwa mshauri, kwa sababu kwa simu haoni ni nani aliyesimama nyuma yake.

Jambo la mwisho la kuulizia kabla ya kulipa ni Jumapili. Mshauri na mteja wakisali kanisa moja, watakutana kwenye ngazi, kwenye chai baada ya ibada, labda katika kamati. Mshauri makini hukataa wateja wa ushirika wake wa nyumbani na wale anaowaongoza katika huduma. Kwa wengine huliweka wazi siku ya kwanza: wakikutana, mteja ndiye atakayeanza kusalimia, na akipita kimya, mshauri naye hupita.